Barabara huanza kufa chini ya lami

Masika yakiisha na mashimo kutokeza hapa Arusha kuanzia Sombetini hadi Njiro, lawama yote hubebeshwa lami. Sisi tunaojenga na kupima barabara, tukichimba iliyoharibika na kupeleka sampuli maabara, mara nyingi tunagundua kwamba ubovu ulianzia chini yake, na chanzo ni maji.

Lami hufunika, uzito mkubwa wa lori hubebwa na matabaka ya kokoto na kifusi kilichoshindiliwa. Matabaka hayo yakilowa hulegea, gurudumu likipita lami hupinda na kupasuka, na ufa nao hukaribisha maji mengine. Kwa hiyo kifusi hatukipimi kikiwa kikavu tu. Tunakizamisha majini siku 4, ndipo tunapima kinahimili mzigo kiasi gani. Kifusi kigumu wakati wa kiangazi lakini kinachogeuka tope kikilowa hakifai katika mji uliokaa chini ya Mlima Meru, maana mvua ikinyesha juu, maji huteremkia kwetu.

Udongo wetu wenyewe unanipa matumaini. Majivu ya volkano yakichanganywa na chokaa na maji hugandana na kuwa magumu, hivyo yanaweza kuimarisha tabaka la chini bila kununua saruji nyingi. Ila majivu ya machimbo mawili hayafanani. Kila chimbo lipimwe upya, na mkandarasi asikisie.

Mzigo nao una hesabu yake. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kuwa uharibifu hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili wa magurudumu). Ukiongeza mzigo kwa asilimia 20, unaiumiza barabara karibu mara mbili (1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2).

Hata hivyo, kinachoniuma zaidi ni mitaro. Tunaijenga, kisha mtu anamwaga kifusi ndani yake apate njia ya gari kuingia dukani, bila kuweka kalavati. Maji yanasimama, yanapenya pembeni hadi kwenye matabaka, na kazi yote ya maabara inapotea. Ndugu zangu, weka kalavati, na usitupe taka mtaroni.

Ufa mwembamba ukiuona Februari, toa taarifa: TARURA kwa barabara za mitaa, TANROADS kwa barabara kuu. Kabla ya mvua huzibwa kwa lami kidogo. Ikifika Mei, huenda ikabidi kipande kizima kikatwe na kujengwa upya kuanzia chini.