Je, wajua kwa nini sindano moja ya utafiti hujaza chupa sita za damu?

Mshiriki wa utafiti wa kitabibu jijini Mbeya anakunja mkono wa sweta, anachomwa mara moja, chupa sita zinajaa. Akitoka nje, neno mumiani halichelewi: damu yote hiyo inauzwa!

Kosa ni kuhesabu chupa badala ya mililita. Tuseme kuna chupa moja ya mililita 5 yenye kifuniko chekundu, nne za kijani za mililita 8 na moja ya zambarau ya mililita 4. Jumla ni mililita 41, vijiko vya chai vinane hivi. Mtu wa kilo 60 ana takriban lita 4.2 za damu, na anayechangia benki ya damu hutoa mililita 450 kwa mkupuo. (Mtoto na mwenye upungufu wa damu wana hesabu yao, ndogo zaidi.) Fomu ya ridhaa inapaswa kutaja kiasi hicho, muuguzi afanye zaidi, amimine vijiko vinane vya maji kwenye glasi, mshiriki aone kabla ya kutia sahihi au dole gumba.

Kwa nini zisiwe chupa moja kubwa? Kwa sababu kila kifuniko kina kazi yake. Nyekundu huachwa igande kama nusu saa, itoe majimaji ya kupima ini na figo. Zambarau ina dawa iitwayo EDTA, inayokamata kalsiamu. Fikiria mafundi wapo, mbao zipo, ila misumari imefungiwa stoo: paa haliezekwi. Bila kalsiamu damu haigandi, na chembe zinahesabika.

Ndiyo maana zambarau hujazwa baada ya nyekundu na kijani. EDTA hiyo huja na potasiamu. Tone likiingia kwenye nyekundu, majibu yataonyesha potasiamu ya juu na kalsiamu ya chini, na mtu mzima wa afya ataonekana moyo wake uko hatarini. Kutikisa kwa nguvu nako hupasua chembe na kupandisha potasiamu. Chupa ya zambarau hupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10, basi.

Kijani ndizo za ajabu. Chembe nyeupe zinatakiwa zifike maabara zikiwa hai, ndani ya saa chache, kwenye nyuzijoto 18 hadi 25. Barafu huziharibu. Kwa hiyo asubuhi ya Julai, Mbeya ikiwa na baridi kali, kisanduku cha sampuli hizo hufungwa bila barafu, ili kuzuia baridi isiingie.