Majeneza ya Methali ya Waga: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Picha za majeneza yenye umbo la samaki, la ndege ya abiria, la chupa ya bia au la gari la Mercedes-Benz hazikosi kuzunguka mitandaoni, na kila zinapozuka huandamana na maelezo yaleyale, kwamba huko Ghana watu huzikwa kwa mzaha. Majeneza hayo ni ya Waga, wenyeji wa Accra na wa miji ya pwani iliyo mashariki yake, yaani Osu, La, Teshie, Nungua na Tema. Wenyewe huyaita abebuu adekai, maana yake masanduku ya methali. Jina hilo pekee lingemfanya mtu asite kabla ya kucheka, lakini wageni walikwisha kuyabandika jina lao, majeneza ya njozi, na bahati mbaya jina la wageni ndilo lililovuma.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba umbo la jeneza hutangaza kazi ya marehemu na kuishia hapo: samaki kwa mvuvi, kitunguu kwa mkulima wa vitunguu, kamera kwa mpiga picha. Hii ni nusu ya ukweli, na ndiyo maana ni vigumu kuing'oa. Ni kweli kwamba wapo wavuvi wengi waliozikwa ndani ya samaki, kwa kuwa Waga huamini kuwa kifo si mwisho, na kwamba anayekufa huendelea na maisha katika ulimwengu wa wahenga kwa namna inayofanana na alivyoishi hapa. Lakini jeneza la kuku mwenye vifaranga halitengenezewi mfuga kuku. Hutengenezewa mama au bibi aliyeacha uzao mkubwa, na anayelitazama hutarajiwa ayakumbuke mwenyewe yale ambayo wazee husema juu ya kuku na watoto wake. Umbo humwita mtazamaji aseme methali iliyo kichwani mwake, na Waga wenyewe husoma umbo moja kwa njia mbili au tatu bila kuona kasoro yoyote.

Msomaji aliyekulia kwenye kanga hatashangaa kusikia kwamba methali yaweza kuvaliwa badala ya kutamkwa, na kwamba jirani anayepitiwa na kanga hiyo ndiye mwenye kazi ya kuielewa. Tofauti ni kwamba kanga ina jina lake lililoandikwa waziwazi, ilhali sanduku la Teshie halina herufi hata moja. Asiyezijua methali za mahali pale huona kuku tu.

Mfano mzuri ni alama ya ufalme wa Waga wa Accra, ambayo ni swala aliyesimama juu ya mgongo wa tembo. Mgeni huweza kuitazama siku nzima akadhani ni hadithi ya watoto. Maana yake huelezwa kuwa ni akili kuushinda ukubwa wa mwili, yaani mwenye umbo dogo lakini mwerevu huweza kukaa juu ya mwenye nguvu. Kwa watu walioishi pwani wakiwa wamezungukwa na dola kubwa kuliko wao, tembo huyo si mnyama wa porini tu.

Kutoka hapo hufuata dhana nyingine, kwamba yeyote mwenye fedha hujichagulia umbo alipendalo. Katika maumbo ya kisasa, kama gari, kiatu au simu, uhuru upo, na familia hukaa na fundi wakapatana juu ya umbo na bei. Lakini Kiga kina neno okadi, lenye maana ya alama au ishara, na okadi nyingine zina wenyewe. Simba, jogoo na kaa ni alama za koo, na katika koo hizo ni wakuu wa familia tu wanaoruhusiwa kuzikwa ndani yake. Jeneza la upanga au la kigoda ni zito zaidi, kwa kuwa vitu hivyo ni vyombo vya utawala na vya ibada, na asiye na cheo kinachostahiki hawezi kulazwa humo hata angekuwa tajiri namna gani. Mtu wa kawaida akizikwa ndani ya alama ya ukoo usio wake, hilo si suala la ladha mbaya. Ni madai ya cheo, na wenye cheo watauliza. Kwa wacha Mungu wa Kikristo umbo linalopendwa ni Biblia, na sababu yake haihitaji kutafutwa mbali: makanisa kadhaa yameyatazama majeneza ya wanyama kwa shaka, lakini ni nani atakayeikataza Biblia kuingia kanisani?

Wapo pia wanaochukua kila alama iliyotoka Ghana na kuiita adinkra, yaani alama zenye maana zinazopigwa chapa kwenye kitambaa, kisha wakasema adinkra ni ya Waga kwa sababu waliinunua Accra. Adinkra ni sanaa ya Waakan, jamii kubwa ambayo Waashanti ni sehemu yake. Kitambaa cha adinkra kilichohifadhiwa British Museum jijini London kilichukuliwa Kumasi, mji mkuu wa Waashanti, na Mwingereza Thomas Bowdich mwaka 1817, na hadi leo kijiji cha Ntonso karibu na Kumasi ndicho kinachosifika kwa kuipiga chapa kwa mihuri iliyochongwa kwenye vibuyu. Hata hivyo, anayesema Waga na Waakan hawana wanachochangia naye amekosea. Akwamu, dola ya Waakan, iliuvunja mji mkuu wa Waga mwaka 1677 na kuendelea kuitawala Accra hadi 1730, na katika enzi hizo Waga, ambao awali waliongozwa zaidi na makuhani wao, wulomei, walichukua kwa jirani zao mambo mengi ya utawala wa kifalme: vigoda, machila ambayo wakuu hubebwa ndani yake mabegani mwa watu, na fimbo za wasemaji wa mfalme zenye sanamu kichwani. Kuazima chombo si kuazima kinachosemwa ndani yake. Methali za kuku zipo pande zote mbili. Waakan walizipiga chapa kwenye nguo, na mafundi wa Kiga wakazipa mwili anaoweza kulala mtu.

Kuhusu utengenezaji, wengi hudhani vipande vilivyomo kwenye majumba ya makumbusho ndivyo hasa vinavyozikwa. Sivyo, kwani mbao zake ni tofauti. Jeneza la kuzikia huundwa kwa mbao laini za mti uitwao wawa, ambazo hukubali tezo na patasi upesi, kwani maiti inasubiri na familia imekwisha kupanga siku. Fundi huanza na sanduku la kawaida, akalizidishia vipande vya kichwa, mapezi au mabawa kwa gundi na misumari, akaziba mianya, akalipiga msasa mpaka mkono upite bila kukwaruzwa, ndipo rangi ifuate. Magamba ya samaki huchorwa moja moja kwa brashi, na kifuniko hukatwa mahali ambapo jicho halitakiona haraka, aghalabu kufuata mstari wa mgongo. Vinavyotengenezwa kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani huwa vya mbao ngumu zaidi, ili vidumu na visiliwe na wadudu. Hivyo jeneza linalodumu ni lile lisilo na mtu ndani.

Jambo hilo ndilo lililozaa dhana ya mwisho, ambayo hata waandishi makini huirudia: kwamba sanaa hii ilibuniwa na mtu mmoja, Seth Kane Kwei wa Teshie, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kisa kinasimuliwa vizuri. Mzee mmoja aliagiza machila yenye umbo la tunda la kakao, akafa kabla ya kuyapanda, akazikwa ndani yake; kisha Kane Kwei akamtengenezea bibi yake, ambaye hakuwahi kusafiri angani lakini alipenda kutazama ndege zikipaa, jeneza la ndege. Sina sababu ya kumnyang'anya Kane Kwei sifa zake. Karakana yake ilifundisha wengi, akiwemo Paa Joe, aliyekaa hapo miaka 12 akiwa mwanagenzi kabla ya kufungua yake Nungua mwaka 1976, na kazi za Kane Kwei zilipooneshwa Paris mwaka 1989 ndipo dunia ilipoanza kuitaja Teshie.

Lakini kisa chenyewe kinamsaliti msimulizi wake, kwa kuwa kinaanza na machila. Mtafiti wa Uswisi Regula Tschumi ameonesha kwamba wakuu wa Waga walikuwa tayari wakibebwa kwenye machila yaliyochongwa kwa umbo la okadi za koo zao, na kwamba majeneza ya maumbo yalichipuka humo. Ameonesha pia kwamba huko La, fundi Ataa Oko alikuwa akitengeneza majeneza ya namna hiyo tangu mnamo mwaka 1945, kabla ya ndege ya bibi wa Teshie. Kazi zake hazikuonekana Paris kwa sababu iliyo wazi: jeneza la Mga huonekana siku ya maziko, likabebwa barabarani, likashuka ardhini. Picha zilikuwa chache. Basi mnamo mwaka 2005, fundi huyo akiwa na miaka zaidi ya 80, Tschumi alimpa karatasi na penseli za rangi na kumwomba amchoree majeneza aliyokuwa ameyatengeneza, naye akayachora, moja baada ya jingine, kutoka kichwani.