Je, wajua kwa nini waya inakwama kwenye breisi za kauri, na leza inaingiaje hapo?

Mpwa wangu alikuja likizo Mtwara na zile breisi nyeupe za kauri, vile vifaa vya kunyoosha meno, akasema daktari kamwambia waya haitelezi humo kama kwenye breisi za chuma. Nikambishia, kauri si ndo sahani hizi, ukiosha na sabuni inakuponyoka? Nilikosea, na nadhani wengi tunakosea hapohapo.

Chukua kikombe cha kauri, kigeuze, pitisha kidole kwenye ule mduara unaokalia meza. Vingi vinakwaruza. Hiyo ndo kauri yenyewe. Kinachoteleza kule juu ni tabaka la kioo lililopakwa likayeyushwa kwenye tanuri, kwahiyo miaka yote tunasifia kauri kwa kazi ya kioo. Sasa breketi, kile kidude kinachogandishwa kwenye jino, mfereji wake wa kupitisha waya una upana wa kama nusu milimita na humo ndani hakuna kioo, ni alumina tupu (oksidi ya alumini), chembechembe zilizochomwa zikashikana na vishimo katikati. Na alumina ni ngumu kweli, kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko 9, almasi ndo 10, waya ya chuma iko chini sana. Ni kamba ya ngalawa unaivuta juu ya matumbawe: mwamba haudhuriki, kamba ndo inachunika, na nguvu iliyotakiwa kusogeza jino inaliwa na msuguano.

Leza nayo kazi yake ni kulainisha huo mfereji, nami nilidhani inapigwa mdomoni, au inasugua kama msasa. Hapana, breketi inapigwa kabla haijabandikwa, na kinachotokea ni kama sukari ya kashata. Sukari kavu inakwaruza, moto ukikolea chembe zinayeyuka, zinajaza nafasi, ikipoa unapata uso kama kioo. Ila alumina inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi, ukiipeleka breketi nzima kwenye moto huo umbo lote linapotea, ndo maana leza inapiga mapigo mafupi mafupi, ngozi ya juu tu inayeyuka na kuganda kabla joto halijazama. Yaani kauri inajitengenezea mng'ao wake yenyewe, hicho ndo kimenivutia kuliko vyote.

Nguvu ya leza ikizidi inachimba badala ya kulainisha, na uso ukipoa ghafla unapata nyufa ndogo, kama glasi ya moto ukiitia maji baridi. Halafu vipimo vingi ni vya maabara, mashine inavuta waya imenyooka. Mdomoni kuna mate, kuna kutafuna, na jino likisogea linainama kidogo, waya inabanwa kwenye kona ya mfereji, hapo ulaini hausaidii sana. Kwahiyo sijamwambia mpwa wangu akatafute breketi za leza. Zipo za kauri zenye mfereji uliowekwa chuma ndani, hizo zinauzwa tayari, akamuulize daktari wake.

Kingine, leza ya kwanza kabisa, ya Theodore Maiman kule Marekani mwaka 1960, ilitoa mwanga wake kwenye fimbo ya yakuti nyekundu. Yakuti nyekundu ni alumina yenye kromiamu kidogo. Na yakuti samawi wanazochimba Tunduru, ukishapita Masasi, ni alumina hiyohiyo, na kuna breketi zinakatwa kwenye yakuti nzima ya kiwandani.