Je, wajua tumbo linaloguna lina jina la Kigiriki?

Uko kikaoni, watu kimya, mara tumbo lako linanguruma. Jirani yako anajifanya hajasikia. Mlio huo, kwa Kiingereza cha madaktari, ni borborygmus. Ikiwa mingi, borborygmi.

Neno linatisha macho kuliko ulimi. Lina silabi nne tu: bo, bo, rig, mas. Mkazo uko kwenye "rig", ya pili kutoka mwisho, palepale tunapouweka sisi tukisema "ngurumo". Ile r iliyofunga silabi ya kwanza, Wamarekani huitamka. Waingereza wengi huimeza.

Ajabu ni kwamba Wagiriki wa kale walisema borborygmos, mkazo ukiwa mwisho kabisa. Uliondokaje huko? Neno lilipitia Kilatini, na Kilatini kina sheria yake: angalia silabi ya pili kutoka mwisho. Ikiwa imefungwa kwa konsonanti, au ina irabu ndefu, inabeba mkazo. Ikiwa nyepesi, mkazo unasogea hadi ya tatu kutoka mwisho. Hapa "ryg" imefungwa na g, basi mzigo ukawa wake, na Waingereza wakaupokea hivyo hivyo.

Maneno mengi ya sayansi yenye asili ya Kigiriki ni ya kuunganisha. Haidrojeni, kwa mfano, ni "maji" na "kuzaa". Ukilipasua borborygmus namna hiyo hupati kitu. Linatokana na kitenzi borboryzein, kunguruma, na mwishoni kuna -mos ya kuundia nomino. Hiyo "borbor" ni tumbo lenyewe linaloigwa, jinsi sisi tulivyosikia injini tukasema pikipiki. Kwa maoni yangu Wagiriki walisikia vizuri kutuzidi: sisi radi, simba na tumbo vyote tumevipa "kunguruma".

Na kwa nini tumbo lipige kelele? Misuli ya utumbo hujibana kwa mawimbi, ikisukuma hewa na majimaji. Chakula kikiwemo, sauti inafifia. Ukiwa hujala, kila dakika 90 hadi 120 hivi hupita wimbi la kufagia mabaki, na ndani ya utumbo mtupu linasikika hadi kwa jirani. Hata aliyeshiba hunguruma, ila kwa sauti ya chini.

Tukiliandika kwetu, boborigimasi, silabi zinakuwa sita na mkazo unahamia kwenye "ma".