Kwa nini watu hujitolea kutoa huduma ya dharura

Nikiwauliza wanaojiandikisha kwenye mafunzo yangu ya huduma ya kwanza wamefuata nini, jibu la kwanza huwa "nataka kusaidia watu." Silipingi, ila halinitoshelezi. Wenye huruma ni wengi. Wanaokubali kuamshwa usiku wa manane kumkimbilia mgonjwa wasiyemjua ni wachache.

Wakishazoeana ndipo mengine hutoka. Huyu mzazi wake alianguka ghafla, na jamaa wote wakabaki kupiga kelele. Yule alipita penye ajali, akatazama, akaondoka. Hawa hawafuati sifa. Wanachokimbia ni kusimama tena mikono mitupu.

Na wana haki ya kuhofu. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6 hivi. Bila kukandamizwa kifua na kushtuliwa moyo kwa umeme, kila dakika inapunguza uwezekano wa kupona kwa takribani asilimia 7 hadi 10. Gari la wagonjwa mara nyingi huwa bado liko njiani. Jirani keshafika, kinachokosekana ni mikono inayojua kukandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Mwaka 1859 Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, alikuwa kwenye shughuli zake alipokuta majeruhi wa vita vya Solferino, kaskazini mwa Italia, wamejazana katika mji jirani wa Castiglione. Waliowaosha vidonda na kuwanywesha maji walikuwa wenyeji, wengi wao wanawake, bila kujali nani wa jeshi lipi. Dunant aliwapanga, lakini majeruhi walikuwa tayari milangoni mwao. Kamati iliyozaa Msalaba Mwekundu iliundwa baadaye, 1863.

Wapo pia vijana wanaotafuta njia ya kuingia uuguzi, na wapo wapenda sare. (Baadhi ya wapenda sare ni wahudumu hodari kabisa, sisemi uongo.)

Kubaki ni jambo jingine. Mhudumu akishamkabidhi mgonjwa, mara nyingi haambiwi tena lolote, kwa sababu ya usiri wa matibabu. Anarudi nyumbani na swali: alipona? Nimeona hilo likiwachosha watu kuliko kukesha. Ndiyo maana kikundi kipya kikiniomba ushauri, kabla ya jaketi na redio nauliza nani atakaa na mhudumu baada ya zamu mbaya.