Bitumini iliyoboreshwa hupimwaje? Sindano peke yake haitoshi

Bitumini ni ule uji mweusi unaoshikanisha kokoto na mchanga kwenye lami. Ni kama asilimia 5 tu ya uzito wa mchanganyiko, lakini ikigoma yenyewe, hata kokoto ziwe nzuri namna gani hazisaidii kitu. Ikichanganywa na polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki na mpira, mara nyingi ile yenye tabia ya mpira iitwayo SBS, ndiyo huitwa bitumini iliyoboreshwa.

Viwanja vya ndege huihitaji kwa sababu zake. Tairi za ndege za jeti hujazwa upepo mara tano ya gari dogo na zaidi, na ndege husimama palepale mwanzoni mwa njia ya kurukia ikingoja ruhusa. Sasa fikiria Tabora mwezi wa Oktoba, mvua hazijaanza: bitumini laini itabonyea. Ukiweka ngumu sana, baada ya miaka kadhaa ya jua itapasuka na kokoto zitaanza kung'oka. Barabarani kokoto iliyong'oka ni kero. Uwanjani inaweza kugonga pangaboi au kumezwa na injini.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha sindano. Bitumini huwekwa kwenye nyuzijoto 25, sindano yenye uzito wa gramu 100 huachiwa kwa sekunde 5, kisha husomwa imezama kiasi gani. Ikizama milimita 6.5, namba ni 65. Kipimo kizuri, ila kina upofu wake: bitumini ya kawaida na iliyoboreshwa zinaweza kupata namba ileile, halafu juani zikawa vitu viwili tofauti kabisa.

Tofauti huonekana kwenye kipimo cha kurudi. Kipande cha bitumini huvutwa polepole ndani ya maji ya nyuzijoto 25 hadi kirefuke kwa milimita 200, uzi mweusi, mwembamba. Hukatwa katikati kwa mkasi, kikaachwa nusu saa. Bitumini ya kawaida hubaki imelala ilivyokatwa. Yenye polima hujikunja kurudi ilikotoka; mwanya ukifika milimita 160, imerudi kwa asilimia 80. Mimi ningeanza na hiki kabla ya kuangalia karatasi nyingine yoyote.

Vipo na vipimo vya kuizeesha kwa joto na hewa, na cha kulainika, ambapo kigololi cha chuma huizamisha taratibu kadiri joto linavyopanda.

Kinachosahaulika ni cha uhifadhi. Polima inaweza kujitenga ikaelea juu. Kwa hiyo bitumini hukaa siku tatu ndani ya mrija kwenye nyuzijoto 180, kisha sehemu ya juu na ya chini hupimwa kila moja kivyake. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, Kigoma ni mbali zaidi, na mzigo ukifika unaweza kukaa tenki siku kadhaa ukipashwa joto. Cheti cha kiwandani hakiyaoni hayo. Sampuli ichotwe kwenye tenki la hapo hapo kazini, juu na chini, siku ya kumwaga lami.