Je, wajua kwa nini mji haulipuki mara mbili katika mchezo wa Pandemic?

Pandemic ni mchezo wa mezani uliotungwa na Mmarekani Matt Leacock na kutolewa mwaka 2008, ambamo wachezaji wawili hadi wanne hawashindani wao kwa wao, bali husaidiana kutafuta dawa za magonjwa manne kabla hayajaielemea dunia. Ubao wake ni ramani ya miji 48 iliyounganishwa kwa mistari, na ugonjwa huonyeshwa kwa michemraba midogo ya rangi, 24 kwa kila rangi. Mji mmoja hubeba michemraba isiyozidi mitatu ya rangi moja. Ukitakiwa kupokea wa nne, mchemraba huo hauwekwi. Mji hulipuka, na kila mji jirani hupewa mmoja. Jirani naye akiwa amekwisha kujaa, hulipuka pia, na mnyororo huendelea. Mlipuko wa nane ukitokea, wachezaji wote wameshindwa kwa pamoja.

Ndani ya mnyororo huo kuna kanuni fupi inayosema kwamba mji uliokwisha kulipuka haulipuki tena. Kwa nini, na kwa muda gani?

Kwa miezi mingi nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa kosa. Niliamini kwamba kanuni hiyo ni huruma: mtunzi aliona mchezo ni mgumu, akawapa wachezaji pumziko. Na kwa kuwa huruma haina mpaka ulio wazi, tuliinyoosha. Nyumbani kwa rafiki, mtaa wa Himbi hapa Goma, jioni moja ya Jumapili, alama ya milipuko ilikuwa kwenye 6. Ikatoka karata ya janga, ambayo humlazimu mchezaji kuvuta karata ya chini kabisa katika fungu la maambukizi, yaani karata zinazotaja miji ya kuongezewa michemraba, na kuuwekea mji huo michemraba mitatu kwa mpigo, nayo ikawa Kinshasa. Mji huo ulikuwa na mchemraba mmoja, uliotoka Khartoum katika mlipuko wa awali. Tukaujaza hadi mitatu, ukalipuka mara moja kama inavyotakiwa, alama ikasogea hadi 7. Kisha karata zilizokwisha kutumika zikachanganywa na kurudishwa juu ya fungu, Kinshasa ikiwa miongoni mwake, na karata ya pili iliyofunuliwa katika zamu ileile ikawa Kinshasa tena.

“Imeshalipuka, iache,” akasema mwenye nyumba, na sisi watatu tukaafiki bila kusita. Zamu mbili baadaye tukapata dawa ya nne na kushangilia ushindi. Ushindi huo haukuwapo. Alama ilipaswa kufika 8, na mchezo ulipaswa kuishia palepale.

Kosa hilo lina mizizi miwili. Wa kwanza ni kwamba tulifundishwa kwa mdomo. Kijitabu cha kanuni hakisemi tu kwamba mji haulipuki mara mbili. Kinaweka kikomo kwamba hiyo ni wakati wa kutekeleza karata ileile ya maambukizi. Anayemweleza mwenzake hubakiza kichwa cha sentensi na kudondosha mkia, na aliyefundishwa hivyo humfundisha mwingine sentensi isiyo na mkia. Wa pili unahusu aina ya mchezo wenyewe. Katika dama au ludo, ukiivuta kanuni upande wako, mpinzani atakuzuia papo hapo, kwa sababu hasara ni yake. Katika mchezo wa ushirikiano wote hunufaika na tafsiri ileile laini, na hakuna aliyeketi mezani kwa ajili ya kuutetea ugonjwa. Wapo wanaojaribu kuponya jambo hili kwa kuamua kwamba penye shaka, tafsiri kali ndiyo sahihi. Naona hiyo ni dawa ya kubahatisha, kwa maana ukali haumwambii mtu sentensi inasema nini. Linalosaidia ni kuuliza mchezo ungeharibika wapi kama kanuni ile isingekuwapo.

Tuiondoe basi, tuone. Chukua Kinshasa na Lagos, miji miwili inayopakana, kila mmoja ukiwa na michemraba mitatu ya njano. Karata ya Kinshasa inafunuliwa. Kinshasa inalipuka na kuipelekea Lagos mmoja. Lagos imejaa, inalipuka na kuirudishia Kinshasa mmoja. Kinshasa imejaa, inalipuka tena. Hakuna pa kusimama hadi wachezaji washindwe, na yote hayo yameletwa na karata moja.

Kiini chake ni kwamba mji unaolipuka haupungukiwi na kitu. Fikiria sukari. Jirani mwenye vikombe vitatu akikupa kimoja, anabaki na viwili. Hata mkirudishiana usiku kucha, sukari ya mtaani ni ileile. Fikiria sasa habari. Mama anayesikia sokoni Virunga kwamba bei ya makaa imepanda huwaeleza majirani wote wanaopakana naye, na baada ya kuwaeleza bado anayo nzima. Jirani mmoja akirudi kumweleza habari hiyohiyo, naye akaamka kuitangaza upya, halafu jirani akafanya vivyo hivyo, mtaa mzima hautalala. Kinachouzuia ni jambo moja tu, kwamba aliyekwisha kuitangaza akirudishiwa hainuki tena. Kesho yake ikija habari nyingine, atainuka kama kawaida, kwa kuwa ukimya wake ulikuwa juu ya habari ile moja. Mlipuko katika Pandemic huenda kama habari, hauendi kama sukari, na kanuni ya mara moja ni kizibo kinachozuia mzunguko usio na mwisho. Kizibo hicho kinahitajika kwa mnyororo mmoja tu. Karata nyingine ni habari nyingine, hata ikifunuliwa ndani ya zamu ileile. Hili ni hitimisho la hesabu ya mchezo wenyewe, wala simsemei mtunzi, lakini linaafikiana barabara na ule mkia wa sentensi.

Kanuni hiyo ina zawadi nyingine, nami naiona ya ajabu zaidi. Wachezaji hubishana ni mji gani ulipuke kwanza. Weka Kinshasa mitatu, Lagos mitatu, Khartoum miwili, Johannesburg mmoja, kisha funua Kinshasa. Kinshasa inaipa Khartoum wa tatu na Johannesburg wa pili, na kuilipua Lagos. Lagos inaipa São Paulo mmoja na kuilipua Khartoum. Khartoum inaipa Kairo mmoja na Johannesburg wa tatu. Milipuko ni mitatu, na michemraba iliyotoka akibani ni mitano. Ianzishe Lagos kabla ya kuigusa Khartoum, au kinyume chake: utapata milipuko ileile na michemraba ileile. Sababu ni kwamba mji wowote nje ya ule wa karata hulipuka pale tu idadi yake ya mwanzo, ikijumlishwa na majirani waliolipuka, inapozidi tatu, na jumla haijali nani alitangulia. Ubishi mzima wa mpangilio, ambao kwetu uliwahi kupoza chai, hauna kinachobishaniwa.

Kinachobaki ni kukumbuka nani amekwisha kulipuka, jambo gumu mnyororo ukirefuka. Pale Himbi tunatumia maharagwe. Kila mji unaolipuka huwekewa punje moja, na mji wenye punje hauongezewi mchemraba wa rangi ile. Mnyororo ukiisha, aliyefunua karata huziokota punje moja baada ya nyingine, na karata inayofuata haifunuliwi kabla zote hazijarudi kikombeni.